Tohara Isiyo na Jando katika Nchi ya Bariadi

Wasukuma hawakuwa na jando. Wataturu, majirani zao wa upande wa Meatu, hutahiri, na Wakurya wa Mara vilevile. Lakini Msukuma alihesabiwa kuwa mtu mzima kwa jembe lake na mahari aliyotoa. Hata neno tohara ni la Kiarabu, maana yake usafi, na zamani waliotahiriwa huku walikuwa hasa Waislamu. Baadaye shule za bweni, jeshi na miji vikawachanganya vijana na wenzao waliowacheka.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri tohara, baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kuonyesha ya kuwa humpunguzia mwanamume kwa asilimia 60 hivi hatari ya kuambukizwa UKIMWI na mwanamke. Kazi hiyo ikafika Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012.

Basi kisu chenyewe si shida: ganzi, nyuzi chache, na mtu hurudi kwake siku ile ile. Shida ni majuma 6 ya kujizuia. Mvulana wa jando hukaa kando na watu, ana mlezi, wala hana mke. Mume wa Bariadi hulala nyumbani mwake, na kidonda huonekana kimepona kabla hakijapona kweli. Akilala na mke upesi, huweza kuambukiza au kuambukizwa kwa wepesi zaidi. Tena aliyemficha mkewe atasema nini usiku? Kwa hiyo twaona yafaa mke aitwe siku ya mashauri, aelezwe pamoja na mumewe.