Mteja ni Nani? Swali la Kwanza katika Mpango wa Ushauri Elekezi wa Mwanafunzi wa Uzamili

Mwanafunzi wa uzamili anayetakiwa kuishauri taasisi kwa muhula mmoja mara nyingi huanza na hojaji. Nadharia ameichagua, sampuli ameikadiria, barua ya utambulisho imo mkobani. Bado hajajibu swali lililopaswa kuyatangulia hayo yote: anamshauri nani?

Tuchukue chama cha akiba na mikopo cha watumishi, yaani SACCOS. Meneja anasema marejesho yamezorota kwa sababu wanachama hawana elimu ya fedha, hivyo anaomba mpango wa mafunzo. Ombi hilo lina sura ya tatizo, kumbe ni jibu. Mwanafunzi akianza kuandaa mada za mafunzo, ameshaafiki utambuzi wa mtu mmoja kabla hajafungua leja. Huenda mwajiri anachelewa kuwasilisha makato ya mishahara. Huenda kamati ya mikopo inawakubali wadhamini waliokwisha kujifunga kwa wakopaji wengine. Na huenda meneja amesema kweli tupu, ila hilo nalo halijulikani siku ya kwanza.

Edgar Schein, mwanasaikolojia wa mashirika, anajulikana katika fani ya ushauri kwa kitabu chake cha 1969 kuhusu ushauri wa kimchakato. Kwa anayepanga mradi, mimi naiona makala yake ya 1997 kuwa na manufaa zaidi, kwa kuwa humo alionyesha kwamba neno “mteja” hubeba watu kadhaa: anayemfungulia mshauri mlango, mwenye tatizo lenyewe, na hata watakaoguswa na matokeo bila kujua kwamba kuna mshauri. Katika SACCOS yetu mlango umefunguliwa na meneja. Lakini Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 ya Tanzania inaupa mkutano mkuu wa wanachama mamlaka ya juu kabisa. Ripoti inayoishia mezani kwa meneja haijawafikia wenye chama.

Kwa hiyo ukurasa wenye uzito kuliko yote katika mpango ni ule wa makubaliano. Nani atapokea ripoti, na kwa wakati gani? Mwanafunzi ataruhusiwa kuona kumbukumbu zipi za wakopaji, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022? Matokeo yakimgusa aliyemkaribisha, itakuwaje?

Nitaambiwa kwamba mwanafunzi hana ubavu wa kudai hayo, na kwamba muhula ni mfupi. Hoja ya muda ni nzito. Mradi wa Jipemoyo, ulioongozwa na Marja-Liisa Swantz huko Bagamoyo, ambapo watafiti walichambua maisha ya vijiji pamoja na wanavijiji wenyewe, ulichukua miaka kuanzia 1975 hadi 1979. Mwanafunzi ana wiki chache tu. Basi apunguze ukubwa wa swali, achunguze hatua moja tu, tuseme uidhinishaji wa mikopo, lakini asipunguze mapatano. Kuhusu ubavu, hapo ndipo msimamizi wake anapohitajika, aende naye kwenye kikao cha kwanza badala ya kungoja rasimu ofisini.

Kikao cha kurejesha matokeo kwa bodi na watumishi wa ofisi ya chama nacho kipangwe kabla ya tarehe ya kukabidhi andiko chuoni. Karani wa mikopo akisema pale kwamba jedwali la tatu limekosewa, na akaeleza kwa nini, bado kutakuwa na muda wa kulisahihisha.