Pambano Ambalo Kengele Yake Haikulia

Novemba 1978, daraja la Kyaka likiwa limevunjwa na watu wa ng'ambo ya Mto Kagera wakiwa wameacha nyumba, ng'ombe na wafu wao, Rais Idi Amin wa Uganda, ambaye majeshi yake ndiyo yaliyovamia, alimpelekea Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, mwaliko wa ulingoni. Tuyamalize kwa ngumi, sisi wawili, askari wakae kando. Refa awe Muhammad Ali. Na kwa kuwa Mwalimu alikuwa na umbo dogo, Amin alisema yuko tayari kupigana mkono mmoja umefungwa mgongoni na miguu imefungwa vitu vizito, ili mwenzake naye apate nafasi.

Habari ile ilizunguka dunia kama kichekesho, na hadi leo wapo wanaoisimulia hivyo. Mimi huniuma. Watu wa Kagera walikuwa wanazikwa, na aliyewaua alikuwa anatangaza pambano.

Kwa upande wa ngumi zenyewe, Amin hakuwa akijisingizia. Aliingia jeshi la wakoloni, King's African Rifles, mwaka 1946, na humo ndimo alimopata jina la bondia. Anatajwa kuwa alishika ubingwa wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960, katika uzito ulio chini kidogo tu ya ule wa juu kabisa. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 193. Nyerere, mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 56, hakuwa na historia yoyote ya glovu. Aliyependekeza pambano lile alijua fika anamwita nani kwenye mchezo wa nani.

Lakini ulingo wao halisi ulikuwa umeshajengwa zamani, na ulikuwa hapa Arusha, chini ya Mlima Meru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza rasmi Desemba 1, 1967, makao yake makuu yakawa katika mji huu. Juu ya kila kitu ilikaa Mamlaka ya marais watatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Reli, bandari, posta na ndege vilikuwa mali ya wote. Kisha Januari 25, 1971 Amin akampindua Rais Milton Obote wa Uganda. Nyerere akampa Obote hifadhi, na akakataa kukaa meza moja na aliyempindua. Tangu siku ile Mamlaka haikukutana tena. Makarani wa Jumuiya waliendelea kufika kazini Arusha, mafaili yakaendelea kuzunguka, lakini kiti cha juu kilibaki bila kikao kwa miaka sita.

Nampenda Mwalimu na nadhani alikuwa sahihi kumkataa Amin. Hata hivyo haifai kuficha kwamba gharama ya msimamo ule ililipwa na Jumuiya, na kwamba yeye naye alirusha konde.

Katikati ya Septemba 1972, ndege aina ya DC-9 ya East African Airways, shirika ambalo Uganda nayo ilikuwa na hisa, iliondolewa Dar es Salaam kwa siri ikarushwa hadi Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, KIA, uwanja uliokuwa bado mpya. Mpango ulikuwa ipakie wapiganaji wa Obote iwapeleke kuuteka uwanja wa Entebbe. Ilipotua, matairi yakapasuka. Pale pale kwenye lami, kati ya Meru na Kilimanjaro, safari ikafia. Wenzao waliovuka mpaka kwa nchi kavu kuelekea Mbarara na Masaka walipigwa vibaya, na Amin akajibu kwa kuishambulia Bukoba kwa mabomu ya ndege. Oktoba yakaja mapatano ya Mogadishu, chini ya upatanishi wa Siad Barre wa Somalia, yakatuliza mpaka kwa muda.

Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipofanya mkutano wake Kampala, Nyerere hakwenda. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Amin hakuwa sababu pekee, maana Kenya na Tanzania nazo zilikuwa zimeshindwana kuhusu mali na mwelekeo, hata mpaka wao ukafungwa. Majengo yaliyokusudiwa kuwa makao makuu yakageuzwa mwaka 1978 kuwa kituo cha mikutano cha kimataifa, AICC, na majengo yake matatu yakaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mwaka huo huo vita ikaja.

Nyerere hakuujibu mwaliko wa ngumi. Alikuwa ameshazungumza na taifa Novemba 2, akasema Watanzania wana kazi moja tu: kumpiga. Uwezo upo, sababu ipo, nia ipo. Neno alilochagua ni la ulingoni, ila alilitamka kwa uzito ambao Amin hakuwa nao. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, na ndiye aliyeagiza viongozi wa mikoa yote wakusanye watu, magari na chakula kwa ajili ya vita. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, Amin akakimbilia Libya.

Refa aliyependekezwa alifika Tanzania mwaka uliofuata. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Ali barani Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, waandishi walimuuliza kwa nini Marekani haikusimama na Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal 1976, na bingwa yule akakiri kwamba hakuijua habari hiyo. Nyerere hakumpokea. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi wa Karatu, mkoa wetu huu wa Arusha, akarudi na medali ya fedha. Huko huko Teófilo Stevenson wa Cuba alitwaa dhahabu yake ya tatu ya uzito wa juu. Huyo ndiye bondia ambaye dunia nzima ilitaka apigane na Ali. Aliahidiwa mamilioni ya dola, akachagua kubaki kwenye ngumi za ridhaa za nchi yake, na pambano lile nalo halikufanyika.

Mwalimu hatimaye alikaa meza ya Arusha akiwa mtu wa katikati. Kuanzia Juni 1998 aliongoza hapa mazungumzo ya amani ya Burundi, akiwaketisha pamoja watu waliokuwa wameuana. Kazi hiyo hakuimaliza. Alifariki London Oktoba 14, 1999.

Siku 47 baadaye, Novemba 30, marais watatu walisaini mjini Arusha mkataba wa Jumuiya mpya. Sahihi ya Uganda iliwekwa na Yoweri Museveni, ambaye Septemba 1972 alikuwa miongoni mwa waliovuka mpaka kwenda Mbarara. Idi Amin alikuwa bado hai, uhamishoni Jeddah.