Mteja wa Kilo alianza kuchagua lini?

Siku hizi wengi wetu tunauza ao tunanunua kwa WhatsApp: viatu, telefoni, wigi, hata mbegu za nyanya. Tunasema ushindani umeletwa na telefoni. Lakini hapa kwetu Kilo historia yake ni ya zamani, na ilianza na watu ambao hawakuchagua kitu.

Dhahabu ya Kilo ilijulikana mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza 1905. Mfanyakazi wa mgodi alipewa posho, na posho haina beyi ya kubishania: unakula kile wanakupa. Hata mkulima wa kandokando hakuwa muuzaji huru, maana vijiji vililazimishwa kulisha migodi na kubeba chakula kichwani. Kwa mtu wa agronomia kama mimi, somo la soko lingepaswa kuanzia hapo.

Mteja mwenye makuta yake alionekana zaidi baada ya 1982, wakati Mobutu aliruhusu raia kuchimba dhahabu. Kijana akitoka shimoni, wachuuzi wanamngojea na sabuni, bia, nguo na rediyo. Wafanyabiashara Wanande wa Butembo walijua njia, na bidhaa nyingi zilipitia Uganda. Beyi ilikuwa kali sababu ya barabara, lakini ukikataa kwa huyu, unaenda kwa yule. Halafu vita vya 1999 hadi 2003 vikavuruga yote.

M-Pesa ilifika Kongo 2012. Mwaka uleule Jumia ilianza Lagos. Ikaenea hadi Kenya, Uganda na Tanzania, ikaingia soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo ikafunga kazi Tanzania. Kampuni kubwa vile! Jumia ilimruhusu mteja alipe wakati mzigo umefika mlangoni. Akikataa, gharama ya safari inabaki kwa muuzaji. Na nyumba zetu za Afrika nyingi hazina namba: mwenye kuleta mzigo anapiga simu mara tano akiulizia mwembe ao kanisa.

Muuzaji mdogo wa Bunia anafanya vilevile, ila kwa gharama ndogo. Anatuma mtu wa pikipiki. Mteja anajaribu kiatu, ndipo analipa. Na kabla ya hapo ameshaona picha ya kiatu hichohicho kwa wauzaji wanne. Mjini mteja ana nguvu kweli.

Mteja wa Kilo hana nguvu hiyo. Yeye anatuma makuta kwanza, pamoja na ya usafiri, halafu anangoja. Risasi zikilia njiani, anangoja zaidi, hata kama Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kiatu kikikuja kidogo, kukirudisha ni kulipa safari mbili. Basi anashikamana na muuzaji mmoja anayemjua, ao anarudi kwa duka la jirani anayeuza ghali lakini anamkopesha.

Najua kati yetu kuna wenye wanataka kutengeneza programu ya mauzo ya Ituri nzima. Swali langu: mteja wa Kilo akikataa mzigo, nani anabeba hasara? Mimi ningeanza na chumba kimoja Kilo. Wauzaji watano wachange kodi, kila mmoja aandike beyi yake, na mteja ashike kitu mkononi kabla ya kutuma makuta.