Mitaa ya Eastlands na maeneo ya asili yanayoizunguka

Jina Eastlands likitajwa jijini Nairobi, wengi hufikiria msongamano wa matatu katika barabara ya Jogoo, soko la Gikomba na nyumba za ghorofa zilizobanana Kayole na Umoja. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mitaa hiyo imepitiwa na mito mitatu, kwamba mbuga ya kwanza ya wanyama nchini iko ng'ambo ya barabara ya Mombasa, na kwamba ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hutua kila mwaka katika mabwawa yaliyoko Ruai.

Makala haya yanaeleza maeneo hayo, shughuli ambazo wakazi wanaweza kufanya humo, na jinsi yalivyonusurika au kupotea.

MITAA ILIYOPANGWA KUWA NA VIWANJA

Mitaa ya zamani ya Eastlands kama vile Kaloleni, Makongeni, Bahati na Maringo ilijengwa na mamlaka za jiji na za reli kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilipangwa kwa nyumba fupi zilizozunguka bustani, huku ukumbi wa jamii ukiwa katikati. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka wa 1948 uliendeleza fikra hiyo. Ulipendekeza kwamba kila mtaa uwe na shule yake, maduka yake na uwanja wake wa wazi, ili mtoto asilazimike kuvuka barabara kuu akitafuta pa kucheza.

Mtaa wa Buruburu, ulioanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulifuata mkondo uo huo. Nyumba zake zilipangwa kwa makundi yanayotazamana, kila kundi likiwa na ua wa pamoja ulioachwa uwe na nyasi na miti.

Sehemu kubwa ya nafasi hizo haipo tena. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma na ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka wa 2004, ilionyesha jinsi viwanja vya michezo, hifadhi za barabara na hata makaburi yalivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Kwa mkazi wa Eastlands, hasara hiyo inaonekana kila siku pale ambapo watoto wanacheza kandanda barabarani katikati ya magari.

MITO MITATU

Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Baada ya kupita katikati ya jiji huingia Eastlands kupitia Kamukunji na Gikomba, kisha huelekea Kariobangi, Korogocho na Dandora. Mto Mathare huteremka kupitia mitaa ya mabanda ya Mathare na Huruma kabla ya kuungana nao. Mto Ngong nao hupitia bwawa la Nairobi, eneo la viwanda na Mukuru kabla ya kuelekea mashariki.

Maji ya mito hiyo huishia katika mto Athi. Mto huo, baada ya kupokea maji ya mto Tsavo, huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Humwaga maji yake katika Bahari Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi, mahali panapojulikana kwa viboko na ndege wa majini. Kwa hivyo, taka inayotupwa mtoni Korogocho husafiri kupitia mbuga ya Tsavo Mashariki kabla ya kufika baharini.

Kwa miaka mingi mito hiyo imegeuzwa mitaro ya majitaka. Mwaka wa 2008, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, alianzisha kampeni ya kuisafisha. Bustani iliyo kando ya mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe, ilipewa jina lake. Bustani hiyo, ambayo wakati mmoja ilikuwa imejaa taka na gereji za jua kali, ilikarabatiwa mwaka wa 2020, na leo ina vijia, miti ya kiasili na viti. Mkazi wa Eastlands aliyeshuka matatu katikati ya jiji anaweza kuifikia kwa miguu.

Hata hivyo, mto hukumbusha watu kwamba una mipaka yake. Mvua kubwa ya mwaka wa 2024 ilisababisha mafuriko na vifo katika mitaa ya mabanda ikiwemo Mathare, na serikali ikaamuru waliojenga karibu na kingo za mito waondoke. Nyumba nyingi zilibomolewa, na familia zikaachwa zikitafuta makao mapya huku mvua ikiendelea. Machi 2025 serikali ilizindua mpango mwingine wa kufufua mto Nairobi.

MBUGA YA WANYAMA YA NAIROBI

Mbuga hii ilianzishwa mwaka wa 1946 na ndiyo ya kwanza nchini Kenya. Ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba na iko takriban kilomita saba tu kutoka katikati ya jiji. Humo mna simba, chui, duma, nyati, twiga, vifaru weusi na weupe, na zaidi ya aina 400 za ndege. Ndovu hawaishi humo kiasili.

Kwa wakazi wa Donholm, Embakasi na Pipeline, lango lililo karibu zaidi ni lile la Mashariki, upande wa barabara ya Mombasa. Lango kuu liko katika barabara ya Lang'ata. Matatu zinazoelekea Ongata Rongai kutoka katikati ya jiji hupita hapo.

Ndani ya mbuga mgeni hutakiwa kuwa garini, isipokuwa katika maeneo maalum ya mapumziko na katika kijia cha kutembea kilicho kando ya mto, kwenye vidimbwi vya viboko. Asiye na gari anaweza kutembelea kituo cha wanyama mayatima au kijia cha Safari Walk, vyote vilivyo karibu na lango kuu. Humo watu hutembea kwa miguu na kuwaona wanyama kwa karibu.

Mahali pengine pa kusimama ni pale pembe za ndovu zilipoteketezwa. Mwaka wa 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe hizo ili kuonyesha msimamo wa Kenya dhidi ya biashara yake. Mwaka wa 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliongoza uteketezaji wa tani 105.

Mbuga hii ina ua pande zote isipokuwa kusini. Upande huo umeachwa wazi ili pundamilia, nyumbu na wanyama wengine waweze kwenda katika nyanda za Athi-Kapiti wakati wa mvua na kurejea wakati wa kiangazi. Ujenzi wa nyumba na ua wa mashamba umeendelea kuubana ushoroba huo. Reli mpya iliyofika Naivasha mwaka wa 2019 nayo hupita juu ya mbuga kwa daraja lenye urefu wa takriban kilomita sita, licha ya pingamizi za wanamazingira.

MISITU NA BUSTANI ZA JIJI

Msitu wa Karura, ulio kaskazini mwa jiji, una zaidi ya hekta 1,000. Una vijia vya kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, maporomoko ya maji na mapango ambayo inaaminika yalitumiwa na wapiganaji wa Mau Mau. Msitu huu ungekuwa mtaa wa majumba ya kifahari kama Profesa Wangari Maathai na wenzake hawangesimama kidete. Januari 1999 mwanamazingira huyo alishambuliwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti humo. Miaka kumi awali alikuwa amepinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Bustani ya City Park, iliyo karibu na Parklands, ina mabaki ya msitu wa kiasili na kima wengi. Humo ndimo walimozikwa mpigania uhuru Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka wa 1965, na Makamu wa Rais wa zamani, Joseph Murumbi. Bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907 kufanyia majaribio miti ya kuzalisha kuni za garimoshi, iko karibu na Ikulu.

NDEGE WA RUAI

Wapenzi wa ndege hupajua mahali ambapo wakazi wengi hupita wakiziba pua. Ni mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai, maarufu pia kwa jina la Dandora, ambayo hupokea sehemu kubwa ya majitaka ya jiji. Mabwawa hayo huvutia bata wa aina nyingi na ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia kati ya Oktoba na Aprili. Yeyote anayetaka kuyatembelea hana budi kuomba ruhusa ya kampuni ya maji ya jiji kwanza. Wasiojua ndege wanaweza kuanza na matembezi ya kila Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, ambayo hukusanyikia katika Makavazi ya Kitaifa.

SAFARI YA SIKU MOJA

Kwa anayetaka kutoka jijini, mlima Ol Donyo Sabuk, unaoitwa pia Kilimambogo, uko umbali wa saa chache kupitia Thika. Mbuga yake ilianzishwa mwaka wa 1967, na kilele kina urefu wa mita 2,145. Nyati ni wengi, kwa hivyo wanaopanda kwa miguu hushauriwa kusindikizwa na askari wa wanyamapori. Karibu na hapo kuna maporomoko ya Fourteen Falls katika mto Athi. Ni mandhari ya kupendeza, lakini povu na harufu ya maji, hasa mvua inapoanza, humwonyesha mgeni kutoka Eastlands kwamba uchafu wa mtaani kwake umemtangulia. Kuogelea hapo hakufai.

VIWANJA VYA NYUMBANI

Si kila familia inayoweza kumudu nauli na ada ya lango. Kwa wengi, hewa safi ni ile inayopatikana mtaani. Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1987, kiliunganisha kandanda na usafi wa mazingira. Timu ya watoto hupewa pointi katika ligi sio tu kwa kushinda mechi bali pia kwa kuzoa taka mtaani. Mwaka wa 1992 chama hicho kilituzwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira.

Dandora, mtaa ulio jirani na jaa la taka lililotangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001 lakini likaendelea kupokea taka kwa miaka mingi baadaye, una vikundi vya vijana vilivyosafisha nyua za makazi, vikapanda miti na kutengeneza viti kwa magurudumu yaliyotupwa. Korogocho nako vijana waligeuza ukingo wa mto uliokuwa jaa na maficho ya wahalifu kuwa bustani ya watoto.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Wakazi wanaoona kiwanja cha mtaa kikizungushiwa mabati wanaweza kutafuta stakabadhi za ardhi hiyo katika afisi za ardhi, kuwasilisha malalamishi kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, au kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ni vyema kufanya hivyo mapema, kabla ya msingi kuchimbwa.

Wanaopanga kutembelea mbuga wanashauriwa kuthibitisha ada mapema kwa kuwa hubadilishwa mara kwa mara. Malipo ya mbuga za kitaifa hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen, si kwa pesa taslimu. Wabebe kitambulisho, maji ya kunywa na mfuko wa kurudishia taka nyumbani. Wasisahau kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na kwamba tangu Juni 2020 chupa za plastiki zinazotumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu ya serikali.