Hati ya ardhi ya pamoja: mashirika ya uhifadhi yanavyoweza kuzisaidia jamii za asili

Anayenunua kiwanja Mbagala au Bunju huuliza kwanza: eneo ni la nani, na ana karatasi gani? Swali hilohilo ndilo linaloamua hatima ya jamii za asili zinazoishi kwa kutegemea mapori. Tofauti ni kwamba kiwanja cha mjini huwa cha mtu au familia, lakini pori la kuwinda na kurina asali ni la wote. Katika makala haya tunaeleza jinsi mashirika ya uhifadhi yanavyoweza kusaidia, kwa mfano wa Wahadzabe.

Wahadzabe ni akina nani?

Ni jamii ndogo, inayokadiriwa kuwa na watu zaidi kidogo ya 1,000, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wengi wao bado huwinda, hurina asali na kuchimba mizizi. Kwa kuwa hawakulima wala kufuga, ardhi yao ilionekana haina mwenyewe, na wakulima na wafugaji wakazidi kuingia.

Hati ilipatikanaje?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa mtu mmoja, familia au kikundi. Hutolewa na halmashauri ya kijiji, baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na husajiliwa na afisa ardhi wa wilaya. Shirika la Ujamaa Community Resource Team liliitumia nafasi hiyo ya kikundi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya pamoja ya zaidi ya hekta 20,000. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuiuza ardhi hiyo peke yake.

Edward Loure, aliyeliongoza shirika hilo, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016. Yeye ni Mmasai ambaye familia yake iliondolewa ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire mwaka 1970. Alijua uhifadhi unaoanza kwa kuwahamisha watu unavyoumiza.

Shirika lifanye nini?

Kwanza, ligharamie upimaji, mpango wa matumizi ya ardhi na ushauri wa sheria. Hatua hizi ni ghali kwa kijiji.

Pili, liheshimu mkutano mkuu. Mazungumzo yawe kwa lugha ambayo watu wanaielewa, na jibu la "hapana" likubaliwe.

Tatu, liajiri wenyeji. Yaeda, vijana wa jamii hulinda msitu wao wenyewe.

Nne, fedha ziwe wazi. Kupitia Carbon Tanzania, wanakijiji hulipwa kwa kutunza miti inayohifadhi hewa ya ukaa, na fedha husaidia matibabu na masomo. Mkataba useme ni kiasi gani kinabaki kwa jamii.

Na sisi wa Dar es Salaam?

Hati hii ni ya vijijini, haitolewi Kinondoni wala Temeke. Lakini tukichangia shirika lolote la uhifadhi, tuliulize swali la mnunuzi wa kiwanja: baada ya mradi kwisha, karatasi ya ardhi itabaki mikononi mwa nani?