Mistari ya Mkaa Uani

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati, kibaraza mbele na ua nyuma. Bibi alilala chumba kimoja, vitano akapangisha. Nilizaliwa humo mwaka 1956, na mpaka nafika darasa la tatu niliamini kila nyumba ina wanaume watano wasio ndugu zako, wanaokaa kwenye mkeka wa ukumbini kila magharibi wakimsubiri bibi yako apakue.

Ukimuuliza kijana wa leo biashara ya mama ntilie ilianza lini, atakwambia miaka ya themanini, enzi za dhiki. Hajakosea sana, maana ndipo ilipotoka nje tukaiona. Lakini ilikuwa imeshaishi uani miaka mingi kabla ya hapo, na aliyeizaa ni ile nyumba ya vyumba sita.

Waingereza waliichukua Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916. Wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, wakawekwa kambi upande ule wa kwa bibi, na ulimi wetu ukaigeuza Carrier Corps kuwa Kariakoo. Hata Narung'ombe na Mahiwa, mitaa ambayo watu hupita siku hizi wakitafuta vitenge, ni majina ya vita vya kusini vya mwaka 1917. Mji wenyewe ulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Reli ilikuwa imeshafika Kigoma tangu 1914, na kwa reli ile walishuka wanaume kutoka bara kuja kutafuta kazi bandarini. Walikuja peke yao. Mshahara wa kuli ulimtosha kuli, na hapo penyewe kwa shida. Mke alibaki kijijini na jembe.

Basi fikiria mtu huyo amepata chumba Uswahilini. Chumba kina kitanda cha kamba na msumari wa kutundikia shati. Jiko hakina. Bibi hakuruhusu mtu kuwasha moto chumbani, kwa sababu paa lilikuwa la makuti, na makuti yakishika moto hayakuungulii wewe peke yako, yanaunguza mtaa. Moto ulikuwa uani tu, kwenye mafiga, na mafiga yalikuwa ya bibi. Mpangaji mwenye njaa afanye nini?

Jibu la haraka ni kwamba alinunua chakula. Bibi angekasirika kusikia hivyo. Alitoka Rufiji, kwenye mpunga, akalelewa kwamba mtu aliyefika mlangoni kwako wakati wa kula ananawa mikono anakula. Alikuwa na sheria yake: kitafunio kinauzwa, chakula hakiuzwi. Vitumbua aliuza, mkate wa kumimina aliuza. Wali na kitoweo, hapana. Wali ni chakula cha nyumba, na kuuza wali ni kama kuuza mkeka ambao wageni wako wamekalia.

Njia aliyoipata ni ya maneno. Wapangaji walilipa kodi ya chumba, na mbali na kodi walitoa walichokiita mchango wa sufuria. Hakuna aliyesema "niuzie". Walisema, "Mama, ntilie." Naye akatia. Mtoto humwambia mama yake hivyohivyo akiwa na sahani tupu mkononi. Mimi ndivyo ninavyolisikia jina lile hadi leo: mtu aliye mbali na kwao anaomba chakula kwa neno la kwao, huku senti zimo mfukoni. Wengine wana masimulizi yao kuhusu jina hili, na wayasimulie.

Kipimo kilikuwa upawa, kifuu cha nazi chenye mpini. Pawa mbili za wali, nusu upawa wa maharage, samaki kipande akipatikana. Bibi hakujua kuandika, kwa hiyo hesabu aliiweka ukutani, uani, kwa kipande cha mkaa. Kila mpangaji alikuwa na alama yake: mmoja jembe, mmoja samaki, karani kutoka Tukuyu alichorewa miwani. Chini ya alama, mistari, kila mstari mlo mmoja. Mwisho wa mwezi mtu akilipa, bibi alichovya kitambaa majini akafuta safu yake mbele ya macho yake. Sarafu za senti kumi wakati ule zilikuwa na tundu katikati, akazitunga kwenye uzi wa katani kama shanga na kuzitia chini ya godoro.

Alinisimulia ukuta ule ulivyojaa mwaka 1947. Makuli wa bandari waligoma Septemba, na mgomo ukapanda treni ukaenda bara. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, lakini bei zilikuwa hazijashuka, na watu walikuwa bado wanaukumbuka mgao wa chakula uliofuata rangi ya mtu. Wapangaji wake watatu walikuwa bandarini. Siku zote za mgomo aliendelea kutia na kuchora, mali kauli, mpaka mkaa ukafika juu pasipofika mkono wake. Wawili walilipa polepole. Wa tatu, mwenye alama ya samaki, aliondoka usiku mmoja na godoro lake. Bibi hakumfuta. Ukuta ukipakwa chokaa kila Idi, alikuwa akikizunguka kijisehemu kile. Nilipoanza kupata akili bado samaki alikuwepo, na mistari kumi na minane chini yake.

Vitumbua vilikuwa habari nyingine, na hivyo navijua kwa mikono yangu. Mchele unalowekwa jioni. Alfajiri, kabla ya adhana, unatwangwa ukiwa mbichi na unyevu wake, si unga mkavu wa dukani huu unaotoa vitumbua vizito kama udongo. Nazi inakunwa kwenye mbuzi, inakamuliwa kwa kifumbu. Bibi alitumia kasimile tu, tui la pili likaenda kwenye maharage ya mchana. Iliki, sukari, na cha kuumulia. Zamani, alisema, waliumulia kwa tembo la mnazi lililolala, na wachamungu wakala bila kuuliza. Mimi nilikuta hamira. Kisha chuma chenye vishimo juu ya mkaa, mafuta tone moja kila kishimo, na kijiti cha kugeuzia. Cha kwanza hakiuzwi, kinaonja chuma kama kimekubali. Hicho ndicho kilikuwa mshahara wangu.

Saa kumi na mbili nilikuwa mtaani na sinia kichwani, limefunikwa kawa. Mlango wa kwanza fundi cherehani, wa pili mwalimu wa chuo, halafu mafundi baiskeli. Nilikatazwa kupiga kelele za kunadi. Bibi alisema anayeijua harufu atafungua mlango mwenyewe, na kweli walifungua. Mwaka 1966 zilipokuja fedha zetu wenyewe, sarafu mpya hazikuwa na tundu. Bibi alizigeuzageuza kiganjani, akauliza: sasa hizi watu wanazifunga vipi?

Mwaka huohuo, wa kumi wa umri wangu, nilikuwa naona aibu kidogo ya lile sinia. Ilikuwa kazi ya wajane na waliotalikiwa. Mke wa mfanyakazi wa serikali hakupika kuuza, na J.A.K. Leslie, ofisa aliyechunguza maisha ya Dar es Salaam mwaka 1956 akatoa kitabu mwaka 1963, angekuta hali hiyohiyo kwetu kama angeingia mpaka uani.

Kilichoiondoa aibu ni njaa ya mishahara. Ukame wa 1974 ulituletea unga wa njano, tukauita Yanga. Halafu vita vya Kagera, halafu foleni ambazo mtu aliweka jiwe limshikie nafasi akaenda kazini. Ilipofika miaka ya themanini mshahara wa karani haukumaliza wiki mbili. Hapo mke wa karani akawasha mkaa. Muuguzi akirudi zamu akakanda maandazi. Mwalimu akauza barafu kwa wanafunzi wake. Kila mmoja alikuwa na "mradi", neno la heshima kama lile la mchango wa sufuria. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvukazi, na asiye na kazi inayotambulika akaonekana mzururaji wa kurudishwa shamba. Mama yangu, aliyerithi upawa, alikuwa ameshatoka uani na kuweka sufuria nje ya karakana moja. Nilimwona siku moja akikimbia na sufuria ya wali moto imefungwa kwa khanga kifuani, mgambo nyuma yake, na wateja watatu wakimfuata na sahani zao mkononi kwa sababu walikuwa bado hawajashiba. Alikuwa na alama ya moto ule mpaka anazikwa. Alipoingia Mzee Mwinyi madarakani mwaka 1985 na ruksa zake, mbio zikapungua.

Baadaye wakubwa wakatuletea jina la mama lishe. Silipendi. Linanuka zahanati. Mwaka 2018 vikaja vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, shilingi 20,000 kimoja, na binti wa dada yangu aliyeko Tabata akachukua chake. Yeye anapika nyumbani, biriani Ijumaa, pilau Jumapili, siku za katikati wali na samaki wa nazi. Asubuhi anaweka picha ya sufuria kwenye simu, oda zinaingia, pesa inatangulia, bodaboda anachukua. Wako wateja wa miaka mitatu asiowajua sura. Lakini jirani wa ukuta wa pili bado huja na bakuli lake mwenyewe, bila oda, na bado husema ntilie, na huyo ndiye anayeongezewa ukoko.

Nyumba ya Narung'ombe ilivunjwa, pamesimama ghorofa la maduka. Siku ya kuvunja nilichelewa. Nilitaka kile kipande cha ukuta chenye samaki, nikakuta kimeshabebwa na lori pamoja na kifusi kingine. Mama alijua kusoma, madeni yake aliandika kwenye madaftari ya shule, majina, tarehe, pawa ngapi, miaka ya 1979 mpaka 1991. Limebaki moja. Mengine aliyachana mwenyewe kufungia maandazi. Wewe ambaye mama yako au bibi yako alipika kuuza, angalia kabatini leo, na ukilikuta daftari usilichane.