Nani Azime Onyo? Historia Fupi ya Maonyo katika Lugha ya Perl

Larry Wall alipotoa lugha ya Perl mwaka 1987, aliikusudia kuchambua mafaili ya maandishi na kuandaa ripoti kwa haraka. Programu nyingi zilikuwa fupi, na mwandishi aliachiwa uhuru mkubwa. Uhuru huo ulikuwa na gharama. Mtu aliyeandika $jumla mstari mmoja na $jumal mstari mwingine hakuzuiwa: Perl ililichukua jina la pili kama kitu kipya kisicho na thamani, na katika hesabu ikakifanya sifuri. Ripoti ilitoka safi kwa macho, kumbe tarakimu zake ni za uongo.

Dawa ya mwanzo ilikuwa alama ya -w, iliyowekwa wakati wa kuendesha programu. Ilionya kuhusu majina yaliyotumika mara moja tu na thamani ambazo hazijawekwa. Hata hivyo, ilikuwa ya hiari. Katika mwongozo wa Perl, hiari hiyo yenyewe iliorodheshwa miongoni mwa kasoro za lugha, utani uliobeba ukweli.

Tatizo la -w lilikuwa upana wake: iligusa programu nzima, pamoja na moduli za watu wengine. Perl 5 ilipotoka mwaka 1994, na hazina ya moduli ya CPAN kufuata mwaka 1995, kutumia kazi ya wenzako kukawa jambo la kawaida. Aliyewasha -w aliweza kumiminiwa maonyo kuhusu msimbo asiouandika. Onyo lisilokoma huzoeleka, na likizoeleka halisikilizwi.

Toleo la 5.6 la mwaka 2000 lilileta amri ya use warnings, ambayo hufanya kazi ndani ya faili au sehemu ilimoandikwa tu. Kinyume chake, no warnings, huweza kuzima aina moja ya onyo kwa mistari michache. Mwaka 2022, toleo la 5.36 lilisonga mbele zaidi: programu inayotangaza use v5.36 huwashiwa maonyo bila kuyaomba, huku programu za zamani zikiachwa zilivyo.

Kwa maoni yangu, mabadiliko haya yanahusu wajibu. Mwenye kuandika msimbo ndiye anayejua onyo lipi halina madhara, na wapi. Akilizima hapo tu, anatoa uamuzi. Akizima yote, anamwachia msomaji wa ripoti hasara asiyoiona.